Makopo mawili yasiyo na majina

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye Siku ya Sayansi ya shule moja ya sekondari ya kata, kuhusu namna ya kutofautisha kampaundi za ioni na za kovalenti bila kuzionja. Mvua ya asubuhi ile iliwakwamisha wengi njiani, na tangu siku hiyo simu haijanyamaza: “Mwalimu, tuandikie na sisi.” Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, ila vitu vya mezani nimevitaja kila nilipovishika.

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wajukuu zangu mliokaa mikekani, hamjambo? Wazee mlionizidi umri, shikamooni. Sidhani kama ni wengi. Mimi nimekula chumvi nyingi, na leo nimekuja kuizungumzia chumvi yenyewe.

Nimeombwa niseme Kiswahili kwa sababu wazazi wapo, ingawa humu darasani Kemia inafundishwa kwa Kiingereza. Nimefurahi sana. Mtoto akishindwa kumweleza bibi yake jambo kwa lugha ya nyumbani, mimi huwa nina wasiwasi kama amelielewa au amelikariri tu.

Mezani hapa pana makopo mawili ya maziwa ya unga, yamebanduliwa karatasi. Moja lina chumvi laini, moja lina sukari nyeupe. Mkuu wa Shule ndiye aliyeyajaza, mimi sijui lipi ni lipi. Namwona mama mmoja hapa mbele anacheka, na najua anachowaza: si uonje tu, Mwalimu?

Kweli, nyumbani utaonja, na usipoonja utaumbuka. Mwaka mmoja wakwe zangu walinitembelea, kijana wangu akachota vijiko vitano vizuri, akatia kwenye birika la chai. Kachota kopo silo. Baba mkwe akapiga funda moja, akaweka kikombe chini taratibu, akaanza kuniuliza habari za mvua za vuli. Hakukitazama tena kile kikombe mpaka anaondoka.

Lakini maabara hatuonji. Hatuonji, hatuonji, hatuonji! Mrututu nao una fuwele nzuri za buluu, zinavutia kama peremende, na mtu akizimeza zinaweza kumuua. Basi bila ulimi, tutajuaje?

Wanangu wa kidato cha tatu, hebu nisaidieni. Chumvi ni kampaundi, yaani elementi zilizoungana, ya aina gani? Ya ioni! Sukari je? Ya kovalenti! Mmejuaje? (Hapa walinijibu kwa pamoja, kama wanaimba.) Metali na isiyo metali, ioni. Zisizo metali zenyewe kwa zenyewe, kovalenti.

Safi. Kanuni hiyo nimeifundisha miaka thelathini, na sijaja kuitukana. Nataka tu mjue daraja lake. Kanuni hiyo ni fununu. Ni fununu nzuri, mara nyingi ni ya kweli, lakini hakuna hakimu anayefunga mtu kwa fununu. Ushahidi anao shahidi mwenyewe, yaani hiki kilichomo kopo, na shahidi hahojiwi kwa swali moja.

Tumhoji kwa moto kwanza. Jiko hili mkaa wake umeshakolea. Nina vijiko viwili vya chuma vyenye mipini mirefu. Kopo la kushoto, nusu kijiko. Kopo la kulia, nusu kijiko. Tusubiri. Msikilize kwa masikio na pua pia.

Kijiko cha kulia, kingo zimeanza kulegea. Zinang'aa kama zimetoka jasho. Sasa rangi ya asali. Sasa ya kahawa. Harufu hiyo mnaijua? Kashata! Umekwisha mchezo, hii ni sukari, nayo inaelekea kuwa mkaa.

Kijiko cha kushoto mnakisikia: chach, chach, chach. Punje zinaruka. Mtu wa haraka atasema chumvi inayeyuka. Haiyeyuki. Ule mlio ni maji kidogo yaliyonaswa ndani ya punje, yakipata moto yanageuka mvuke na kuipasua. Chumvi yenyewe imebaki nyeupe vilevile. Tungekaa hapa hadi jioni, kijiko kingewaka wekundu, nayo ingebaki nyeupe. Sukari inaanza kuyeyuka na kuharibika kwenye nyuzi joto kama 186 za Selsiasi. Chumvi inataka nyuzi 801. Mia nane na moja!

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu lugha yetu imetutegea mtego. Mama anasema sukari imeyeyuka kwenye chai. Mama huyohuyo anasema samli imeyeyuka kwenye kikaango. Neno moja, mambo mawili. Samli imelainishwa na joto peke yake, hakuna aliyeisaidia. Sukari kwenye chai imesambaratishwa na maji. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vilituletea neno la hilo la pili: kumumunyuka. Watu wanalicheka, wanasema linajaza mdomo. Mimi nalipenda, kwa sababu nimesahihisha karatasi nyingi mno ambamo mtoto anaandika kwa Kiingereza kwamba chumvi ni rahisi kuyeyushwa kwa moto, kumbe kichwani mwake anaiona chumvi kwenye sufuria ya maharage. Kosa hilo lilianzia kwenye Kiswahili chake, na mwalimu asiyelijua hilo atamchapia alama ya kosa bila kumtibu.

Sasa kwa nini 186 na 801? Ndani ya punje ya sukari kuna molekuli. Kila molekuli ina atomu 45: kaboni 12, haidrojeni 22, oksijeni 11. Atomu hizo zimeunganishwa kwa ubia. Nalitumia neno hilo kwa makusudi. Mabaharia wawili wakinunua mashua kwa ubia, hakuna anayeweza kuondoka nayo peke yake. Ndivyo atomu mbili zinavyomiliki jozi ya elektroni, vile vichembe vya chaji hasi vilivyomo kwenye atomu. Mmarekani Lewis alilieleza hivyo mwaka 1916, na mwaka 1919 mwenzake Langmuir akaupa ubia huo jina linalotusumbua hadi leo, kovalensi. Ndani ya molekuli ubia ni imara. Lakini kati ya molekuli na molekuli? Pale ni ujirani tu. Salamu asubuhi, salamu jioni. Joto dogo linatosha kuwatenganisha majirani.

Hapo ndipo linapozaliwa kosa la pili, na hili wanalo hata walimu. “Bondi za kovalenti, yaani vifungo vya ubia huo, ni dhaifu.” Nani amewaambia? Barafu ikiyeyuka ikawa maji, maji yakachemka yakawa mvuke, ule mvuke bado ni maji. Haidrojeni na oksijeni bado zina ubia wao, haujaguswa. Kama ubia huo ungevunjika kwa moto wa kuni, kila mtu angechemsha maji ya chai na jiko lake lingejaa haidrojeni na oksijeni, na njiti moja ya kiberiti ingeondoka na paa. Je, imewahi kutokea? Kilichokatika ni ujirani, ubia haukukatika.

Tena kuna mahali ambapo hakuna majirani kabisa, ubia mtupu kutoka ukuta hadi ukuta. Mchanga mweupe wa kwatzi, silikoni na oksijeni, zote zisizo metali. Kwa kanuni yenu ya kuimba ni kovalenti, na ni kweli. Haya, uyeyusheni kwenye jiko hili! Unataka nyuzi kama 1,700, mara mbili ya chumvi na zaidi. Na almasi ya Mwadui, kule Shinyanga, hiyo si kampaundi kwa sababu ni kaboni peke yake, lakini imeshikwa na ubia uleule, ndiyo maana inakata kioo. Mwaka 1947 iliokotwa pale almasi ya waridi ya karati 54.5, wakampa zawadi ya harusi Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Nikiwa kijana niliiona picha yake nikanung'unika siku nzima, lakini hayo si ya leo.

Kwa hiyo shahidi akisema “mimi siyeyuki kwa jiko la mkaa”, hajamaliza kutoa ushahidi. Anaweza kuwa chumvi. Anaweza kuwa mchanga. Tumuulize tena.

Swali la pili ni nyundo, na hapa naomba ule ubao wa drafti. Huu wameuazima vijana kijiweni pale, nimewaahidi kuurudisha kabla ya saa kumi.

Sodiamu ina elektroni 11, na moja iko nje peke yake, imekaa kama mtu anayesubiri basi. Klorini ina 17, saba ziko nje, pengo moja linaiuma. Zikikutana, hakuna ubia. Elektroni inahama jumla. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini inapata chaji hasi, nazo zinavutana. Lakini msikilize vizuri: sodiamu yenye chaji chanya haivutani na klorini moja tu. Inavuta kila klorini iliyo karibu nayo, pande zote. Na kila klorini inavuta kila sodiamu. Kinachopatikana ni huu ubao, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, ila ubao wenye ghorofa, juu na chini pia. Kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, kila klorini imezungukwa na sodiamu sita.

Sasa nioneshe molekuli ya chumvi. Iko wapi? Hii sodiamu ni mali ya klorini ipi kati ya hizi sita? Hakuna jibu, kwa sababu hakuna molekuli. NaCl ni uwiano tu, moja kwa moja. Ni kama kusema kwenye harusi idadi ya wanaume ni sawa na ya wanawake. Hujasema nani kaolewa na nani.

Waliogundua hili kwa macho ya eksirei, mwaka 1913, walikuwa baba na mwanawe, William Bragg na Lawrence Bragg, kule Uingereza. Mwaka 1915 wakapewa Tuzo ya Nobeli wote wawili, na mwana alikuwa na miaka 25. Wanangu, ishirini na tano! Basi mnadhani wanakemia wote walishangilia? Alikuwapo profesa mmoja mstaafu, Henry Armstrong, anakaribia miaka 80. Mwaka 1927, miaka 14 baadaye, akaliandikia jarida la Nature kulalamika kwamba chumvi yetu inaonewa, inafanywa ubao wa mchezo, eti akili timamu haikubali. Alitaka molekuli yake. Mimi mstaafu mwenzake namhurumia kidogo. Mtu ukifundisha kitu maisha yako yote, ukaambiwa hakipo, unaumwa. Lakini chumvi haikubadilika kwa kumhurumia.

Haya, nyundo. Hii ni chumvi ya mawe, mnaijua, ile ya kuwekea samaki. Nachukua bonge moja, nalifunga kwenye kitambaa ili lisiruke machoni, napiga. Njoo wewe, binti, utazame kwa lenzi. Vipande vina sura gani? Anasema vina pembe, kama vijumba. Kweli. Havikupondeka kama udongo, vimepasuka vikaacha kuta bapa.

Angalieni ubao mniambie kwa nini. Nasukuma safu hii moja nzima, nyumba moja tu kwenda kulia. Mweusi sasa anatazamana na nani? Na mweusi! Na mweupe na mweupe. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kilichokuwa kinavutana sasa kinasukumana, safu zinaachana papo hapo. Ndiyo maana chumvi ni ngumu, halafu ghafla inakatika. Mshumaa ukiupiga nyundo unabonyea tu, kwa sababu majirani wanasogezana bila ugomvi. Waya wa shaba unapinda. Chumvi haipindi.

Nguvu ya kuvutana hiyo ndiyo inayodai zile nyuzi 801. Na jambo la kustaajabisha, ambalo sijaacha kulistaajabia, ni kwamba sodiamu ni metali inayolipuka ikitiwa majini, na klorini ni gesi iliyoua askari kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Elektroni moja ikihama, unapata kitu cha kutia kwenye ugali wa mtoto. Watu wa Uvinza, Kigoma, walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi zao wapate chumvi, na misafara ikaifuata, zamani kabla ya shule yoyote ya Kemia nchini humu.

Mtu ataniuliza: Mwalimu, nitajuaje kama elektroni itahama au itamilikiwa kwa ubia? Mwanakemia Mmarekani Linus Pauling, mwaka 1932, alizipa atomu namba za uroho, yaani jinsi kila moja inavyozivutia elektroni kwake. Florini ndiyo mroho kuliko zote, 3.98 kwa vipimo vya sasa. Klorini 3.16. Haidrojeni 2.20. Sodiamu, mpole, 0.93. Tofauti ya klorini na sodiamu ni 2.23, kubwa, elektroni inahama. Vitabu vingi vinachora mstari kwenye 1.7: ukizidi hapo ni ioni, ukipungua ni ubia. Wanangu, mstari huo msiufanye msahafu. Haidrojeni na florini zinatofautiana 1.78, zimevuka mstari, na bado floridi ya haidrojeni ni molekuli, inachemka kwenye nyuzi kama 20, siku ya baridi Iringa ni kimiminika na mchana wa Dar es Salaam ni gesi. Kloridi ya alumini nayo ina metali, wimbo wenu unasema ioni, lakini ipashe moto kidogo tu, kwenye nyuzi kama 180 inaruka kuwa mvuke wa molekuli. Ubia una madaraja. Kuna wabia wanaogawana sawa, kuna ambapo mmoja anavuta zaidi, na kuna ambapo mmoja amenyang'anywa kabisa.

Swali la tatu ni umeme. Hili ndilo nililolisubiri.

Nina betri nne za tochi, taa ndogo nyekundu ya LED, na vijiti viwili vyeusi vya kaboni. Vijiti nimevitoa kwenye betri kuukuu za bei nafuu, zile za zinki na kaboni. Betri ya simu usiipasue kamwe, itawaka moto mkononi mwako. Na umeme wa ukutani usiuguse kwa jaribio hili, hata kwa utani.

Chumvi kavu kwenye kisahani, nachomeka vijiti. Taa? Kimya. Maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri za gari. Kimya. Natia chumvi kwenye maji, nakoroga. Haya! Nyekundu kama jicho la jogoo. Oneni viputo kwenye vijiti. Na harufu hiyo, wamama mnaijua, ni ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hiyo ni klorini inarudi kuwa gesi, ndiyo maana nimefungua madirisha.

Maji yaleyale, chombo kingine, natia sukari. Vijiko vitatu, kama chai ya harusi. Nakoroga. Kimya. Niongeze? Kimya.

Kwa nini chumvi kavu imekataa na ya majini imekubali? Chaji zilikuwapo tangu mwanzo. Ila kwenye ubao kila kete imebanwa mahali pake, haitoki. Maji yamezibandua kete moja moja, sasa zinatembea, na umeme kwenye kimiminika ni hizo kete zinazotembea. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday, mwaka 1834, aliziita kete hizo zenye chaji kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kinachokwenda. Ioni. Msafiri! Kumbe neno mnalolikariri lina miguu.

Mkubwa wake Faraday, Humphry Davy, alilipambania hili London mwaka 1807. Alitaka kuipasua potashi kwa umeme. Akaimumunyisha kwenye maji, akapata viputo vya haidrojeni na oksijeni tu. Akajaribu potashi kavu, umeme haukupita. Akailowesha kidogo sana, kiasi cha unyevunyevu tu, umeme ukapita na kuiyeyusha, na Oktoba ya mwaka huo vitone vinavyong'aa kama zebaki vikatokeza na kuwaka. Potasiamu! Inasimuliwa alirukaruka chumbani kwa furaha. Siku chache baadaye akapata sodiamu kwa njia hiyohiyo.

Na kwa wale mnaosononeka kwa matokeo ya mtihani, ninaye Svante Arrhenius. Mwaka 1884, Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, aliwasilisha tasnifu kuhusu jinsi maji ya chumvi yanavyopitisha umeme, na humo likachipukia wazo lake kwamba chumvi inaachana majini kuwa vipande vyenye chaji. Wakampa alama za chini sana zilizokaribia kumfungia mlango wa kufundisha. Mwaka 1903 akapewa Nobeli ya Kemia.

Sasa nikiri langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya jaribio hili mbele ya darasa, kwa majivuno, na mshale wa kipimo changu ukacheza kwenye maji ya sukari. Darasa zima likaguna. Nikasema sukari ile ni chafu. Nikabadilisha sukari, mshale ukacheza tena. Nilizima nikaondoka. Usiku nikakumbuka maji nimeyachota wapi: kisima cha shule, maji ya magadi, ndoo ikikauka inaacha ukungu mweupe. Shahidi aliyesema alikuwa kisima. Tangu siku ile napima maji matupu kwanza, ndipo ninatia kitu.

Na umeme nao una mtego. Kloridi ya haidrojeni ni gesi, molekuli za ubia, ukiimumunyisha kwenye toluini kavu, kimiminika kisicho na maji, haipitishi umeme, na karatasi ya litmasi, ile inayobadilika rangi kwenye asidi, haibadiliki. Iingize majini, maji yanaivunja kuwa ioni, taa inawaka kwa nguvu. Aliyeuliza swali la umeme majini peke yake atasema ni kampaundi ya ioni. Kadanganywa! Na aliyeuliza “unamumunyuka?” atadanganywa kwa upande wa pili. Mawe ya matumbawe ni kalisi kaboneti, ni kampaundi ya ioni, na hayamumunyuki kwenye maji ila kwa chembe. Yangekuwa yanamumunyuka kama chumvi, nyumba za Mji Mkongwe kule Unguja zisingemaliza masika moja.

Nimalizie na binti mmoja. Mwaka wangu wa tatu, nimemaliza kufundisha ule wimbo wa metali na zisizo metali, akanyoosha mkono kidato cha tatu: “Mwalimu, kloridi ya amonia haina metali hata moja. Ni ya wapi?” Nikamjibu kwa sauti ya kukata shauri: kovalenti. Nikafuta ubao. Wiki iliyofuata akaja ofisini na mtu wa maabara. Wameitia majini, taa imewaka. Nikamwambia, labda imefanya kama ile gesi, maji ndiyo yameivunja. Akasema, “Lakini Mwalimu, ile ilikuwa gesi. Hii ni fuwele ngumu, na tumeipasha moto haikuyeyuka kama sukari.” Alikuwa amehoji maswali matatu. Mimi nilikuwa na wimbo.

Naitrojeni moja na haidrojeni nne zimeungana kwa ubia, halafu kundi zima limepoteza elektroni moja, likawa na chaji chanya kama sodiamu. Ndani ubia, nje ioni. Magadi mnayotia kwenye kande ni hivyohivyo: kaboni na oksijeni zina ubia kati yao, na kundi hilo lenye chaji hasi limekaa kwenye ubao pamoja na sodiamu. Magadi yote ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi yana bondi zote mbili kwenye punje moja. Kwa hiyo mtoto akikuuliza “hii ni ioni au kovalenti?”, wakati mwingine jibu sahihi ni: unauliza kati ya nani na nani?

Niliwahi kumwambia yule binti samahani mbele ya darasa. Haikuwa rahisi.

Wazazi wakulima, hili ni lenu. Una mifuko miwili ya mbolea stoo, panya wamekula maandishi. Mmoja ni urea, mmoja ni S/A, yaani salfeti ya amonia. Zote nyeupe, zote zinamumunyuka, zote zinapoza maji kidogo ukikoroga. Lakini urea safi ina naitrojeni asilimia 46, S/A asilimia 21. Ukikosea kipimo, shamba litakusema. Urea ni molekuli, inayeyuka kwenye nyuzi 133, na kwenye kijiko juu ya jiko mtaiona inalegea upesi kama nta. S/A ni ya ioni, haiyeyuki hivyo. Tia kila moja kwenye maji yaliyokenekwa: S/A itaiwasha taa hii, urea mpya haitaiwasha. Huna taa? Sugua punje chache na chokaa iliyoloweshwa. S/A itatoa harufu kali ya choo cha shimo, hiyo ni amonia inatoroka. Urea haitatoa harufu hiyo papo hapo. Msisogeze pua karibu, punga kwa mkono. Jaribio hili halitakwambia kama mbolea imechakachuliwa, litakwambia tu ipi ni ipi.

Nina kopo la tatu chini ya meza. Mkuu wa Shule amelijaza pia, na hajaniambia. Mkaa bado una moto, nyundo ile pale, betri zipo, na maji matupu nimeshayapima. Wewe uliyekaa nyuma kabisa, uliyekuwa unasinzia wakati wa Pauling, nimekuona. Njoo. Utaanza na swali lipi?